Mapaa Mawili, Ukuta Mmoja

Kwetu mama halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hali naye sahani moja, hamwiti kwa jina, na wakikutana njiani mmoja wao anapisha. Siyo chuki. Mkwe wangu ni mtu mzuri, sina neno baya juu yake. Ni heshima tu, na heshima ya namna hiyo inataka nafasi. Kule kwetu Kongo nafasi ilikuwepo, nyumba ya mama mkwe ilikuwa ng'ambo ya shamba la mihogo. Huku Amerika nafasi lazima uijenge kwa mbao.

Nilifikia Louisville, mtaa wa Beechmont, pamoja na mtoto wangu wa kiume. Kwa mtoto wa kiume mama anakaa bila shida mpaka mmoja wao afe. Yeye akapata kazi ya kupakia mizigo Columbus, tukahamia huko. Nilikuwa na kitanda changu katika chumba cha wajukuu, na dirisha la kutazama magari yaliyoegeshwa. Nilizoea. Kisha binti yangu, anayekaa Kenmore, pale juu ya mji wa Buffalo, akazaa mtoto wa tatu. Binti yangu anatunza wazee, mume wake yuko kiwandani. Akanipigia simu.

"Mama, njoo. Nikikosa mtu wa kukaa na mtoto naacha kazi."

Hakulia. Nilimlea asilie kwenye mambo ya kupanga.

Nikaenda. Miezi ya joto nililala kwa mjane mmoja wa kanisa letu, huko Lackawanna, upande mwingine kabisa wa Buffalo. Asubuhi binti yangu alinifuata na gari, jioni akanirudisha, na kila mara alikuwa amechoka mpaka naogopa kupanda naye. Halafu mjane akaniambia kwamba kabla ya theluji anahamia kwa watoto wake. Hapo jambo likawa wazi. Ama theluji inikute nina mahali pangu pa kulala Kenmore, ama narudi Columbus na binti yangu anaacha kazi.

Mkwe ndiye aliyelifikiria baraza la nyuma. Nyumba yao ni ya zamani, na nyuma yake, ukitoka jikoni kwa mlango wa kioo, palikuwa na sakafu ya saruji yenye paa dogo juu ya nguzo. Walikuwa wanaweka baiskeli za watoto na jiko la kuchomea nyama. Hapakuwa na kuta. Mkwe akasema, kwa kumtumia binti yangu kama ilivyo desturi, kwamba pale panaweza kuwa chumba cha jua, vioo pande zote, chenye joto lake mwaka mzima, na mlango wake wa kutokea uani.

Kabla ya kujibu nilitoka nje nikatazama juu. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kwangu. Paa la nyumba lilikuwa juu, na lile dogo lilikuwa chini yake, limeegemea ukuta, lina nguzo zake lenyewe. Maji ya mvua yalitoka paa kubwa yakaangukia paa dogo. Yalikuwa mapaa mawili. Ukuta mmoja haunisumbui, ukuta ni ukuta.

"Mwambie baba wa watoto, nimekubali," nikasema.

"Amekusikia, Mama. Yuko hapo nyuma ya gari."

"Mwambie."

Fundi alikuwa Mrundi, mtu wa maneno mengi, aliyefanya kazi ya madirisha miaka mingi hapo mjini. Mkwe alichukua kibali, kisha wakaanza, fundi mchana na mkwe akitoka kiwandani. Nilikuwa nakaa jikoni na mtoto mgongoni nikiwatazama kupitia kioo. Juu ya saruji waliweka mbao, katikati ya mbao wakajaza ile pamba ya kuzuia baridi, juu wakapigilia sakafu. Madirisha yalikuwa ya vioo viwili viwili vyenye hewa katikati. Hita ya umeme ikafungwa ukutani, yangu peke yangu. Upande unaotazama njia ya gari niliomba ukuta mzima, bila dirisha, kwa sababu mkwe anapitia hapo akirudi kazini.

"Bibi," fundi akasema, "chumba cha jua bila jua? Nikuwekee na kufuli kabisa, kiwe jela?"

"Jua litaingia pande nyingine. Wewe jenga."

"Ninajenga. Nauliza tu, watu wakiniuliza nani alikuchorea hii nyumba niseme nani."

"Sema mama mkwe."

Alicheka mpaka akaangusha misumari. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa anapita na mkate mkononi, nikamwambia aokote. Akanijibu kwa Kiingereza, lakini aliokota.

Siku moja, kuta zimesimama na vioo bado, nilikuwa namlaza mtoto nikasikia mbao zinang'olewa juu. Nikatoka. Fundi alikuwa juu ya paa dogo na nyundo, ameshatoa ubao wa kwanza pale paa dogo linapokutana na ukuta wa nyumba. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nakusaidia, bibi. Hapa theluji ya paa kubwa itaporomoka, itakusanyika kwenye kona hii, itakuwa nzito kama ng'ombe. Itayeyuka, itaingia ndani. Naondoa hili paa, napandisha kenchi mpya mpaka kwenye paa la nyumba, linakuwa paa moja. Theluji inateleza moja kwa moja mpaka chini. Ndivyo wanavyofanya hapa."

"Shuka."

"Bibi, theluji haijui habari za mkwe."

"Theluji haijui, mimi najua. Shuka. Paa likiwa moja, silali humo."

Alishuka. Alikuwa anatikisa kichwa, lakini alishuka, akampigia mkwe simu. Mkwe akaja na nguo za kiwandani. Binti yangu naye alikuwa amerudi. Tukasimama uani wote wanne, mkwe amenipa mgongo anatazama uzio wa jirani, mimi natazama paa.

"Muulize mama," mkwe akasema, "kama ameelewa hatari ya theluji."

"Mwambie nimeelewa."

"Muulize kama hakuna njia yoyote."

"Mwambie njia ipo, inaitwa Columbus."

Binti yangu akaweka mkoba wake chini kwenye nyasi. "Mimi siyo simu," akasema. "Mnasikiana nyinyi wawili. Mama, bon, tuseme ukweli. Louisville uliishi kwenye jengo la ghorofa. Paa moja, wanaume wangapi?"

"Hao hawakumwoa binti yangu."

Fundi akageuka upande ili asionekane anacheka.

"Na bibi, mama yako? Si ulituambia mwenyewe? Tulipofika kambi ya wakimbizi tulipewa turubai moja, bibi akalala humo na baba, mkafunga kitenge katikati. Donc bibi aliweza na wewe huwezi?"

Ni kweli nilimwambia. Mama yangu alilala chini ya turubai moja na mume wangu msimu mzima wa mvua, na msimu mzima hakuvua kilemba wala hakunyoosha miguu. Mchana alikuwa anakwenda kukaa kwenye foleni ya maji hata kama hana ndoo. Sikumwambia binti yangu hayo. Nilimwambia hivi:

"Ile ilikuwa vita. Hapa hakuna vita. Hapa kuna mbao, kuna misumari, na kuna fundi anayelipwa. Mtu mwenye mbao hana sababu ya kuishi kama mtu wa turubai."

Gari la jirani likawaka, likaondoka. Kisha mkwe akasema, bado anatazama uzio, na safari hii hakumwambia binti yangu, alimwambia fundi.

"Rudisha ule ubao. Ongeza kenchi, zikae karibu karibu, zibebe uzito. Kwenye kona weka lile zulia la lami lisilopitisha maji. Yabaki mapaa mawili."

"Na theluji?" fundi akauliza.

"Nitapanda kuitoa."

"Kila ikianguka? Buffalo? Wewe unajua unachosema?"

"Nitapanda."

Ndivyo ilivyojengwa. Mkaguzi wa mji akaja, akatazama nyaya na madirisha, akatia sahihi, akaenda. Mwanangu akapiga simu kutoka Columbus kusema kitanda changu kipo, nisijilazimishe. Nikamwambia asikigawe kwanza. Nilihamia kabla ya theluji. Chumba kilikuwa kizuri, sitakisifu zaidi ya hapo. Asubuhi jua lilifika mpaka kitandani, na mtoto akawa anatambaa kwenye sakafu ya mbao bila soksi wakati nje bomba la uani limeganda. Mlango wa kioo wa jikoni tulitundikia pazia zito.

Theluji ya kwanza ilipokuja tukagundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, hata mimi niliyefikiria yote. Mkwe akipanda juu ya paa langu, anakuwa amesimama juu ya kichwa cha mama mkwe wake. Hilo ni baya kuliko hata kulala nyumba moja. Hatukulizungumza. Yeye aligonga ngazi kwenye ukuta mara mbili kabla ya kupanda, nami nikavaa shali, nikafungua pazia, nikaingia jikoni kwake. Alipokuwa juu ya paa langu, mimi nilikuwa ndani ya nyumba yake. Aliposhuka alizunguka kwa mlango wa mbele, na kabla hajavua koti mimi nilikuwa nimesharudi kwangu. Binti yangu alisema tunazunguka nyumba kama watoto wanaocheza kujificha. Acha aseme. Kona ilibaki kavu.

Kisha ikaja theluji ile ya siku nyingi, ambayo hata watu waliozaliwa hapo waliilalamikia. Kiwanda kilifungwa, mkwe akapanda asubuhi, akapanda tena mchana. Nilikuwa jikoni na mtoto. Kwa dirisha nilikuwa naona mabonge yakianguka kutoka juu, bonge, bonge, bonge, kisha akaanguka yeye.

Binti yangu alikuwa kazini. Wakubwa walikuwa kwa jirani, shule zimefungwa. Nilimweka mtoto kwenye kiti chake nikamfunga mkanda, nikatoka na viatu vya ndani. Mkwe alikuwa amelala chali kwenye theluji, mguu mmoja umenaswa kwenye ngazi. Alikuwa anapumua, macho wazi. Aliponiona aliyafumba.

Nikaunasua mguu. Nikamshika mkono, nikamvuta. Ni mtu mzito. Hakunitazama, wala mimi sikumtazama. Alipokuwa amesimama nilimwacha, akashika ukuta, akachechemea kwenda mbele. Mguu haukuvunjika, ulivimba tu.

Jioni binti yangu alikuja kwangu, akafunga mlango wa kioo nyuma yake, akasimama na koti lake.

"Umemshika mkono," akasema.

"Nimemshika."

"Hiyo nayo ilikuwa vita?"

"Ilikuwa theluji. Toa viatu kwenye sakafu."

Alipoondoka nilivuta sanduku chini ya kitanda nikaanza kuweka nguo. Sikuwa na hasira na sikuwa na huzuni. Nilifanya hesabu rahisi. Mtu mwenye watoto watatu anapanda juu ya barafu ili mimi nilale vizuri. Akivunjika mgongo, heshima yangu itawalisha nini? Kuunganisha paa katikati ya majira hayo hakuwezekani, na hata lingeunganishwa nisingelala humo. Kwa hiyo ilibaki Columbus. Nilimpigia mwanangu, akasema barabara zikifunguka anakuja.

Kesho yake binti yangu aliona sanduku. Akatoka, nikasikia wanaongea jikoni, yeye kwa sauti ya juu na mumewe kwa sauti ya chini. Kisha pazia likasogezwa kidogo. Mkwe alikuwa upande wa pili wa kioo, amenipa mgongo, amesimama kwa mguu mmoja.

"Mwambie mama," akasema, "sikuanguka kwa sababu ya paa."

Binti yangu akaingia tena kwangu, akanitazama. "Anasema hakuanguka kwa sababu ya paa."

"Mwambie nilimwona akianguka kutoka kwenye paa."

"Mwambie nilianguka kwa sababu ya viatu. Vilikuwa viatu vya kiwandani, chini vimelainika. Nimeagiza vingine vyenye meno ya chuma. Na ngazi fundi ataifunga kwenye ukuta kwa skrubu, isicheze. Mwambie mtu akiteleza anabadilisha viatu, habadilishi mama mkwe."

Binti yangu hakurudia maneno hayo. Alikaa kwenye kitanda changu, pembeni ya sanduku, akasubiri.

Nilimwambia amuulize viatu hivyo vinafika lini.

"Ijumaa," mkwe akajibu mwenyewe, haraka, akitazama jokofu.

"Basi mwambie mpaka Ijumaa asipande. Theluji ikianguka kabla ya hapo, fundi apande."

Nikampigia mwanangu nikamwambia asije, na kile kitanda awape watoto. Kisha nikatoa nguo sandukuni, moja moja, nikazirudisha kwenye droo. Binti yangu alikuwa ananisaidia kukunja, vibaya kama anavyokunja siku zote, na mimi nazikunjua nazikunja upya.