Kumfuata Mtafuta Watoro

Niliacha shule nikiwa darasa la pili, kwetu Mtinko, na hakuna aliyekuja kunitafuta. Jambo hilo halikunisumbua kwa miaka mingi. Lakini nikiwa Kintinku, nikipakia magunia ya karanga, dereva mmoja wa lori aliniambia kwamba siku hizi upande wa Singida kuna mtu ambaye kazi yake ni kutembea kijiji kwa kijiji akitafuta watoto wasiohudhuria shule. Baraza la wenyeji limemwajiri, limempa kofia na daftari. Nilitaka kumwona. Nililishusha gunia lililokuwa mgongoni, nikaaga.

"Unamfuata wa nini?" dereva akauliza. "Umri wako umeshampita."

"Nina swali moja."

"Basi panda nyuma. Usikalie mayai."

Manyoni tulifika mchana, lori likachemka, tukangoja lipoe. Kesho yake tuliingia nchi ya mawe makubwa yaliyopandana kama magunia yaliyopakiwa na mtu mvivu. Nilishuka Ikungi nikiwa mweupe wa vumbi, na mayai yote yalikuwa mazima isipokuwa matatu.

Ikungi sikupata taabu kumwona. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, akichomoa mwiba kwenye katambuga zake za tairi, na kofia ya serikali ilikuwa kando yake. Jina lake Bwana Kitundu, mtu wa makamo, mrefu, mwenye miguu ya mtu ambaye hajawahi kupanda gari. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwambia nimetoka Kintinku kuja kumwona.

"Umeniona," akasema. "Sasa twende."

Njiani nilijua habari zake. Zamani alikuwa akichanja ng'ombe kuzuia ugonjwa wa sotoka. Alisema yeye akimwona ng'ombe mara moja hamsahau, kwa sababu ng'ombe ana pembe, ana baka, ana sikio lililokatwa. "Lakini mtoto akinyolewa tu, amekuwa mwingine."

"Umekamata watoro wangapi?"

"Hakuna. Shule zangu zote zimejaa. Baraza limefurahi, litanipa baiskeli."

"Kama hakuna watoro, unatembea kufanya nini?"

"Kuhakikisha hawapo."

Jioni, tulipokaribia Mungaa, tukakutana na watoto wanne wakichunga. Bwana Kitundu aliwatazama ng'ombe kwanza. Akasema yule mweusi ni wa nyumba fulani, na yule mwenye baka ni wa Mghenyi. Kisha akawatazama watoto, asimtambue hata mmoja. Mwisho akasema, "Kila nikipita nawakuta wengi hivi. Na kila nikifika shuleni kitabu cha mahudhurio kimejaa. Jambo hili linaninyima raha kuliko miiba."

Saa mbili asubuhi ya siku ya pili tulifika shuleni, ng'ambo ya Mungaa. Jina la shule naliacha. Ilikuwa tembe ndefu yenye mabenchi ya udongo. Mwalimu Elia, kijana kutoka Iramba, alikuwa akiita majina.

"Njiku Mghenyi."

"Nipo," akajibu msichana wa miaka kumi hivi.

Bwana Kitundu akavua kofia. "Mwalimu, mwezi uliopita Njiku alikuwa na kovu la moto shavuni."

Mwalimu Elia alitazama dari. "Limepona."

"Na alikuwa mvulana."

Bwana Kitundu akachutama mbele ya yule msichana, akamwuliza jina lake nani.

"Hapa au nyumbani?" akauliza.

Nyumbani aliitwa Mwajuma, dada yake Njiku. Mwalimu Elia alitutoa nje akasema kwa sauti ndogo kwamba kitabu kinataka jina, na jina linaitikiwa. Yeye amefundishwa kuita, hakufundishwa kugombana na kijiji. Kisha akasema jambo lililokuwa likimchoma. Ijumaa mkaguzi atakuja kuwachagua watoto wa darasa la nne watakaokwenda shule ya kati. Mwajuma ndiye msomaji bora aliyewahi kumpata. Jina lililo kitabuni ni la Njiku. Mwajuma akifaulu, atakwenda Njiku, ambaye huja siku za mvua tu.

Saa nane, watoto walipokwisha toka shule, tulikuwa kwa Mghenyi, baba yao. Alikuwa akiziba ua wa ng'ombe kwa miiba, na baba yake mzee ameketi karibu akimwelekeza mahali pasipohitaji kuzibwa. Tulimpa mzee shikamoo, tukapewa uji wa uwele, ndipo Bwana Kitundu akaeleza.

Mghenyi hakuona kosa. "Jumbe alisema kila nyumba itoe mtoto mmoja. Akiita watu wa kulima barabara kila nyumba hutoa mtu mmoja. Kaka akiumwa huenda mdogo. Sijasikia akiuliza jembe limeshikwa na nani. Bwana Kitundu, umewahi kukuta nafasi yangu pale iko wazi?"

"Sijawahi."

"Hata wakati wa kuamia ndege wasile nafaka," akasema mzee. "Watoto wote walikuwa shambani, nikaenda mimi. Niliitika Njiku. Nilikaa mpaka saa sita. Kuandika naona kunawezekana, lakini hesabu za kutoa zilinishinda."

Nilimtazama Bwana Kitundu. Hakucheka. Alisema, "Mghenyi, Ijumaa Mwajuma atasoma, na atakayechaguliwa ni Njiku."

"Basi aende Njiku. Huyu atabaki nyumbani."

"Njiku hajui kusoma hata jina lake."

"Atajifunzia hukohuko."

Kule nyuma mchi wa Mwajuma ulikoma kutwanga. Alikuwa ameushika mchi juu, na nilingoja kuusikia ukishuka, haukushuka.

Bwana Kitundu akaelekeza kidole uani. "Siku ile nilipokuja na sindano. Kama ungeniletea huyu mwekundu mara mbili, na mimi nikaandika kwamba na yule mwenye baka amechanjwa, sotoka ikija anakufa nani?"

"Mwenye baka," Mghenyi akajibu mara moja. Habari ya ng'ombe haikuhitaji kufikiriwa. Halafu akashika mwiba mmoja, akauweka chini, akaushika tena.

"Mtoto wa kike, lakini," akasema.

"Benchi limeshamzoea," mzee akasema. "Mimi lilinikataa."

Mghenyi akauliza kama atapelekwa barazani. Bwana Kitundu akamwambia ndiyo, ataitwa, kwa sababu Njiku ni mtoro wa miaka minne, na yeye hatamficha. Mghenyi akazidi kuziba ua. Alipomaliza pengo lile akasema, "Mwandike."

Mchi ukashuka.

Siku mbili zilizofuata tulikwenda nyumba kwa nyumba, mimi nikibeba daftari. Bwana Kitundu aliuliza kila mlango ni nani hasa anayeitika. Kitabu kizima kiliandikwa upya mezani kwa Mwalimu Elia, na kilipokwisha, shule iliyokuwa imejaa ilikuwa na watoro zaidi ya nusu. Akaandika na barua kwa baraza, akisema taarifa zake zote za nyuma zilikuwa za uongo asioujua. Nilimwuliza habari ya baiskeli.

"Njia hizi zina miiba," akasema.

Ijumaa mkaguzi alifika, Mzungu mwenye mafua. Wazazi walisimama nje madirishani. Mwalimu Elia akaita, "Njiku Mghenyi." Nikamwona Mwajuma akifungua kinywa, akakifunga. Kimya. Mkaguzi akaweka alama ya utoro. Wengine wakaitwa. Kisha, "Mwajuma binti Mghenyi."

Kimya tena. Jina hilo hakuwahi kuliitikia pale hata siku moja. Alikaa akingoja mwenye jina aitike. Kalamu ya mkaguzi ikashuka karatasini. Bwana Kitundu alikaza macho kwenye kofia yake, maana hakuruhusiwa kusema.

"Itika, mjukuu," mzee akasema dirishani. "Leo si zamu yangu."

"Nipo," Mwajuma akasema.

Alisoma ukurasa mzima bila kukwama, na mkaguzi alipopiga chafya alimngoja. Jina lake nililiona likiandikwa kwenye orodha ya shule ya kati. Majina naweza kuyasoma.

Kurudi, tulifuatana mpaka mjini Singida. Kwa muda wote ule nilidhani kazi yake ni ya miguu. Sasa nilikuwa nimeona kwamba mtoro hatafutwi mpaka ajulikane ni nani. Kule kwenye maziwa ya chumvi ndipo nilipomwuliza swali langu: mimi nilipotoroka, mbona hakuna aliyekuja?

"Nyumbani walibaki watoto wangapi?"

"Dada yangu tu."

Alikaza kamba ya katambuga. "Nenda kamsalimie mama yako."

Mtinko nilifika saa kumi jioni. Mama alikuwa akipepeta mtama. Nilimwamkia, nikamwuliza. Hakuacha kupepeta.

"Dada yako aliitika mpaka darasa la nne," akasema. "Mwaka ule ulipotoroka, mwalimu alikuja hapa kukusifu. Alisema katika watoto wote, ni wewe peke yako hukukosa hata siku moja."