Wimbo wa Mama Uliovunja Bendi

Kazi iliyomweka mjini ilikuwa kuvisha makochi upya. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa kuvuta vitambaa na kupigilia misumari, na vidole hivyohivyo ndivyo vilivyopiga gitaa la besi katika bendi ya roki ya familia. Kaka yake alitunga nyimbo na kupiga gitaa la solo. Mumewe aliimba. Jirani yao, fundi bomba asiyeishiwa utani, alipiga dramu. Mashabiki walimwita Mama Besi, ingawa hakuwa na mtoto.

Walipoingia studio kurekodi albamu mpya, kaka na mume walikuwa hawasemezani. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme, kuta zimefunikwa magodoro ya zamani.

"Mwambie mumeo asianze kuimba kabla ya gitaa," kaka alisema.

"Mwambie kaka yako apunguze sauti ya hilo gitaa. Nani atasikia maneno?"

Walikuwa wamesimama karibu kiasi cha kukanyagana.

"Na mimi niambieni nianze lini, jamani," mpiga dramu akadakia. "Mikono inakufa ganzi."

Hakuna aliyecheka.

Wimbo wa mwisho kaka aliutunga baada ya mama yao kufariki. Siku ya kuumalizia, yeye na Mama Besi waliingia wakamkuta mume na mpiga dramu, na sauti ya mume imesharekodiwa. Fundi mitambo akawasikilizisha. Kila palipokuwa na neno "mama" palikuwa na "mpenzi".

Kaka alimgeukia mwimbaji. "Nani kakupa ruhusa?"

"Shemeji, wimbo wa msiba nani ataupiga redioni?"

"Usiniite shemeji! Yule ni mama yangu."

"Mama yako? Alipokuwa hoi kitandani ulikuwa wapi? Mimi ndiye niliyembeba kumpeleka hospitali. Wewe ulikuwa safarini."

Kaka alimsogelea mume mpaka vifua vikagusana, na mpiga dramu akaweka vijiti chini, tayari kuwaamua.

Mama Besi alikuwa bado ameshika besi yake. Hakuna aliyekuwa amemtazama.

"Futa," alimwambia fundi mitambo.

"Nifute nini, dada?"

"Wimbo wote. Mama yule nimemwogesha mimi mpaka siku ya mwisho, na hapa hakuna aliyeniuliza chochote. Futa!"

Fundi mitambo akapeleka mkono kwenye kompyuta.

"Usifute!" walipaza sauti wote wawili, kaka na mume, kwa pamoja.

Mama Besi akakaza mkanda wa besi begani.

"Basi upigeni kama ulivyotungwa, wote humu ndani, sasa hivi. La sivyo natoka, na msinitafute."

Wakapiga. Kwenye ubeti wa pili mume alifika kwenye neno "mama", sauti ikamkwama kooni. Kaka, bila kuinua kichwa, alirudia kipande kile kwenye gitaa, akakirudia tena, akimsubiri. Mume akaingia tena. Walifika mwisho bila kusimama.

Kaka akakunja nyaya zake. "Mimi ndiyo basi," alisema. Mume akaitikia kwa kichwa tu. Hawakupeana mikono. Mama Besi alitoka uani akalia, na mpiga dramu akasimama karibu naye, safari hii bila neno.

Albamu ilipotoka, watu waliisifu kuliko zote za nyuma. Waandaaji wa maonyesho walipiga simu, Mama Besi akawajibu vilevile wote: bendi haipo tena. Kaka akawa anakuja kumwona dada yake wakati mume yuko kazini. Akisikia hatua za shemeji yake mlangoni, anaaga.

Kisha mpiga dramu akaoa, na harusini, kwa makusudi, akawaketisha wote watatu meza moja. Mama Besi alishika kijiko bila kula. Wanaume wale walisalimiana kwa shida, wakagusia mpira, mara sauti zikapanda, meza ikapigwa ngumi. Ilimchukua Mama Besi muda kugundua kwamba wote wawili walikuwa wanamlaani refa yuleyule.

Hakuna aliyetaja muziki. Akaanza kula.