Ndege Akikanyaga Kizingiti

Moshi wa magunzi yenye unyevu una ukali wake, na ukikupata puani lazima ukohoe. Mimi nikikohoa tu, nimesharudi jikoni kwetu karibu na Kitale, mwezi wa Julai, ukungu wa Mlima Elgon umejaa uani mpaka ng'ombe hawaonekani, na Kukhu ameketi mlangoni na kikombe chake cha uji wa wimbi. Kukhu ndivyo tulivyomwita bibi, mamake mama.

Hakupaswa kuwa pale. Kwetu Wabukusu mama mkwe haishi kwa mkwe wake wakipishana ovyo. Basi alipoletwa kutoka Matulo baada ya babu kufariki, alipewa jiko, nyumba kubwa akabaki nayo baba. Baba alianza kukohoa tangu getini ili Kukhu apate kujificha, kisha akazunguka nyuma ya zizi kama mwizi katika boma lake mwenyewe. Sisi watoto tulicheka sana. Kukhu hakucheka. Alitaka kurudi kwake, lakini hangeweza kuishi kule peke yake. Wa kumfungulia nyumba yake ya Matulo alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume, mjomba Wafula, aliyegombana na babu kwa kutaka kupanda tumbaku mahali pa mahindi, akaenda zake Malakisi. Hata mazishini hakutokea. Simu yake ilikuwa haipatikani.

Kwa hiyo Kukhu akawa anategemea ndege. Baridi iliwasogeza wengi karibu na jiko letu: hua waliojivimbisha manyoya juu ya paa, chiriku waliogombania makapi ya wimbi, na bondeni, ndani ya ukungu, korongo wenye taji ambao tuliwasikia tu. Kukhu hakuwajali hao. Wake alikuwa yule mdogo, mweusi kwa mweupe, anayetembea haraka kama karani aliyechelewa kazini, mkia ukipanda na kushuka. Tulimwita Tikisa. Kukhu alishikilia kwamba Tikisa akikanyaga kizingiti, mgeni yuko njiani, na ni aibu mgeni kukuta sufuria tupu. Basi siku hiyo sahani moja ilizidishwa, na sote tulijua ni ya nani.

Mama hakupendezwa. Julai mahindi mapya bado yako shambani na ya zamani yanahesabika stoo.

"Huyu ndege anakaa tu hapa, Mama," alilalamika. "Si ni kama kuku? Ati tutapika kila akipita?"

"Akikaa uwanjani, hiyo ni shauri yake," Kukhu akajibu. "Lakini akifika kwa mrango, unapika. Nekesa ataangalia."

Ndivyo nilivyofanywa refa. Sikuwa nimeanza shule, kwa hiyo nilikuwa na nafasi. Niliketi ndani, mgongo ukielekea moto, nimejifunika leso ya mama, nikitazama ile miguu myembamba kama njiti za kiberiti. Tikisa alikaribia, akasimama, akatikisa, akarudi nyuma. Niliuona pia mkono wa Kukhu ukidondosha chembe za ugali wa jana, macho yake yakiangalia kwingine kabisa. Sikusema kitu. Nikwambieni ukweli, refa mwenyewe alikuwa amehongwa, maana mgeni asipofika sahani ile ilikuwa yangu. Msimu ule wa njaa mimi nilinenepa.

Kisha Tikisa akapotea. Labda ni paka wa jirani, labda alipata boma lenye chembe kubwa zaidi. Kukhu aliendelea kukaa mlangoni, uji ukipoa mkononi. Mwanzoni aliniuliza kila asubuhi kama nimemwona. Baadaye akaacha kuuliza, nami nikaanza kuogopa ule ukimya.

"Nitazikwa kwa wakwe," alisema jioni moja, "kama mtu hana kwao."

Mama aliendelea kusonga ugali.

Kesho yake alipopakua chakula cha mchana, palikuwa na sahani moja zaidi.

"Ya nani?" Kukhu akauliza.

"Si nimemwona asubuhi? Amekanyaga kizingiti kabisa, hata akachungulia ndani."

Mimi niliyekuwa nimekaa pale tangu asubuhi mpaka miguu ikafa ganzi, nilifungua kinywa kutetea kazi yangu. Mama akanikata jicho. Kukhu naye akanigeukia.

"Nekesa, ni kweli?"

"Ni kweli, Kukhu. Miguu yote miwili."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ndege apotee, akamaliza chakula chake chote. Tangu siku hiyo mama alimwona Tikisa mara kwa mara. Mimi sikumwona tena.

Mjomba alikuja Desemba, jua likiwaka, mahindi yakiwa ghalani, bila ndege yeyote kumtangaza. Alisimama getini na begi lake, amekonda, asithubutu kuingia. Nilidhani Kukhu ataanguka kwa furaha. Alimwangalia tu, akauliza kama amekula. Mama ndiye aliyetoka mbio na mwiko mkononi, ugali ukiwa bado umeganda juu yake, akampiga nao begani, akampiga tena, kisha akamwangukia shingoni akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Siku hiyo hapakuwa na sahani ya ziada. Mama alimpa yake.

Kukhu alirudi Matulo kabla ya Krismasi, baba akakohoa hadi barabarani kumsindikiza. Huko ndiko alikoishi miaka yake iliyobaki, na huko ndiko alikozikwa, kando ya nyumba yake.

Julai iliyopita, tukichambua maharagwe na mama, nilimuuliza kwa nini alimdanganya Kukhu juu ya yule ndege. Siku zote nilidhani alimwonea huruma.

"Nani alidanganya?" akasema, bila kuinua macho. "Kukhu alikuwa anangoja mtoto wake. Na mimi si nilikuwa nangoja ndugu yangu? Huyo ndege nilikuwa namwona."

Msimu mzima nilikaa nikikodolea macho kizingiti, na aliyengoja kuliko sote alikuwa nyuma yangu, akisonga ugali.