Walimsomesha Binti Yangu Kwenye Stoo ya Mahindi

Siku ya kwanza nilimtoa binti yangu mdudu mmoja kichwani. Nikapuuza.

Siku ya tatu nilitoa saba. Fukusi, wale weusi wadogo wanaotoboa mahindi. Wako hai, wanatembea kwenye nywele za mtoto aliyetoka shule!

Hebu niambie wewe unayesoma hapa. Mtoto akirudi na fukusi kichwani, huko alikokwenda alikuwa anasoma au anapukuchua?

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kibanda changu kiko hapa Bagara, Babati mjini. Wengi mnanijua kwa mageti na kwa mdomo. Nikikasirika mtaa mzima unajua. Hii nayo naiandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Jina la shule nalihifadhi.

Binti yangu anaitwa Edda. Ana miaka kumi, yuko darasa la nne.

Mwezi wa kwanza tuligundua haoni ubaoni. Tukampeleka hospitali, daktari akasema ana uoni hafifu na miwani itamsaidia kidogo tu. Akatuandikia barua: mtoto akae mbele, aandikiwe herufi kubwa, aongezewe muda kwenye mitihani.

Barua ile niliipeleka shuleni kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wake wa darasa, Mwalimu Sosthenes, akaisoma, akaikunja.

"Ondoa wasiwasi, Baba Edda. Tuna utaratibu."

Nikatoka pale kifua mbele. Nikamwambia mke wangu mambo yamekaa sawa.

Utaratibu! Nikilikumbuka hilo neno natamani kuvunja kitu.

Mwezi wa tatu ndipo fukusi walipoanza. Na kikohozi juu yake, kikavu, cha usiku na mchana. Mama Edda akampa tangawizi, akampa asali, wapi.

Jioni moja nikamweka chini.

"Edda, darasani unakaa wapi? Mbele au nyuma?"

Akaanza kuchezea kifungo cha sare.

"Nakuuliza wewe."

"Sikai darasani, baba. Tunakaa stoo."

"Stoo gani?"

"Ya mahindi. Yale ya chakula cha mchana. Mimi na Allen na Kindness."

Allen namjua, ni mtoto asiyesikia. Kindness ana kifafa.

"Na mwalimu?"

"Huwa anakuja akipata nafasi."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akasogeza uso wake karibu kabisa na wangu, ndivyo anavyofanya siku hizi ili anione.

"Mwalimu alisema wewe unajua."

Mimi? Najua? Yaani wamenifungia mtoto stoo, halafu wananisingizia!

Kesho yake sikufungua kibanda. Saa mbili na nusu niko shuleni. Sikupita ofisini, nikanyoosha moja kwa moja stoo. Wazazi wote tunaijua, kila msimu tunapeleka pale mahindi na maharage ya watoto.

Nikasukuma mlango.

Magunia mpaka darini. Dirisha moja, dogo, lina wavu. Kwenye kona dawati moja, watoto watatu.

Mtoto asiyeona vizuri, wamemweka gizani! Edda alikuwa ameinamia daftari mpaka pua inagusa karatasi. Allen anapanga punje za mahindi sakafuni. Kindness amelala juu ya gunia.

Na yale magunia yamewekewa dawa ya unga, ile tunayochanganya na mahindi ili yasiliwe. Pakiti yake imeandikwa wazi: weka mbali na watoto. Fukusi wenyewe wameshaizoea, wanadunda tu. Wanaokohoa ni watoto.

Nikapiga kelele mpaka madarasa yakanyamaza. Siwezi kuandika hapa nilichosema. Walimu wakatoka, na mbele yao Mwalimu Mkuu, Mwalimu Rosalia.

"Baba Edda, karibu ofisini."

"Sikaribii! Wewe mwanao ungemweka humu?"

"Njoo ofisini. Kuna kitu ukione."

Nikaenda, njia nzima natishia. Nitafika kwa afisa elimu. Nitakwenda redioni. Kuna mtu atapoteza kazi leo.

Hakubishana nami. Akafungua kabati, akatoa kitabu cha muhtasari wa mikutano ya wazazi, akatafuta mkutano wa Novemba mwaka jana, akanigeuzia.

"Soma hapo."

Ajenda ya nne, kupandisha ufaulu. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa: "Mzazi mmoja alipendekeza wanafunzi wenye ulemavu watengewe chumba chao, kwa kuwa wanawachelewesha wenzao na kushusha wastani wa shule. Alisema hata stoo inatosha. Wazazi waliunga mkono kwa kunyoosha mikono."

Mbele ya maneno hayo, kwenye mabano, jina la mzazi.

Langu.

Jamani, nilikaa chini bila kuambiwa.

Nikakumbuka yote. Shule ilikuwa imeshika mkia kwenye kata nzima, wazazi tumefura, mimi nikasimama na huu mdomo wangu. Nilipigiwa makofi siku ile nikajiona mbunge. Wakati huo hakuna aliyejua macho ya Edda yanafifia. Hao wenye ulemavu walikuwa watoto wa watu wengine.

Na barua ya daktari niliyoipeleka mwenyewe ndiyo iliyomwingiza mwanangu kwenye orodha.

"Na wewe mwalimu ukakubali tu?" nilimuuliza.

"Nilipaswa kuwakatalia. Mlisema nisipokubali hamleti tena chakula. Nikaogopa."

Hasira yangu kwake haijaisha, na sitaki iishe. Yeye ndiye aliyesomea ualimu, alijua kabisa kwamba ule ni upuuzi, akanyamaza. Lakini yule mpuuzi aliyesimama na kuongea nilikuwa mimi.

Nilimwambia sitoki pale hadi watoto wote watatu warudi darasani. Wakarudi saa hiyo hiyo, Edda dawati la mbele. Wiki iliyofuata mkutano wa wazazi ukaitishwa, nikasimama nikayafuta maneno yangu mbele ya watu. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Nikadhani nimemaliza. Ikabaki kwenda Nangara kwa Mama Allen kuomba radhi.

Nilimkuta nje kwake anachambua maharage kwenye ungo. Nikamweleza yote, jina langu kwenye kitabu, stoo, kila kitu. Hakuinua kichwa.

"Baba Edda, siku ile ya mkutano nilikaa nyuma yako."

"Sikukuona."

"Uliniona. Ulipomaliza kuongea ukageuka, ukaniuliza, 'Mama Allen, si nimesema vizuri?'"

Naapa nilikuwa silikumbuki hilo. Hata sasa silikumbuki.

"Ukanijibu nini?"

"Nikakwambia umesema vizuri. Ningesema nini, baba, na watu wote wale wanakushangilia?"

Akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa.

"Na waliposema wanaokubali wanyooshe mikono, nikanyoosha na mimi."

Nilisimama pale nikajichukia.

Funzo langu ni hili, na silisemi kwa upole. Siku mtakapokuwa kwenye mkutano wa shule, mtu akasimama kuwapangia watoto wenye ulemavu mahali pa kukaa, mnyamazisheni kwanza. Tafuteni mama zao wamekaa wapi humo ndani, waongee wao, ninyi msikilize.

Na kama huyo aliyesimama ni wewe, kaa chini.