Madoa Yanayotembea

Pale kwenye kitalu cha maua wateja walimwita Daktari, utani uliogeuka kazi. Unamletea jani, analigeuza juu chini, anakwambia hii kutu, huu ukungu, na wewe acha kumwagilia usiku. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukileta ua badala ya jani, anakurudisha ulikotoka.

Aliyemvuruga akili ni baba mkwe wake, fundi cherehani mstaafu, aliyejisifu kwa kila mtu kwamba hajawahi kuvaa miwani na uzi bado anautia sindanoni mwenyewe. Mama mkwe alipofariki aliacha mwaridi mmoja tu karibu na ukuta wa jikoni, na mzee aliapa hautamfia mikononi.

Siku moja akaja kitaluni na jani. "Madoa meusi, mwanangu. Mti mzima umejaa."

Daktari akalitazama. Safi. Akachukua lenzi. Safi vilevile. Lakini utamwambiaje baba mkwe kwamba haoni? Akajipa moyo kwamba labda ndiyo kwanza yanaanza, akasema anachowaambia wote: "Nyofoa kila jani lenye doa, baba, uchome moto."

Mzee akarudi na jani jingine. "Yanazidi. Tena sasa yanatembea."

Yanatembea? Basi wadudu. Akampa dawa ya wadudu, ingawa hata mguu wa mdudu hakuuona.

Hapo ndipo alipoanza kujishuku mwenyewe. Alipulizia pumzi miwani yake, akaifuta mpaka pindo la gauni likalowa. Akamwonyesha mwenzake wa kazini lile jani. "Unaona nini hapa?"

"Naona jani," mwenzake akasema, akaendelea kujaza udongo.

Hilo halikumsaidia kitu. Macho yakienda, na kazi imekwenda, maana hakuwa na kingine cha kuuza. Aliogopa, tena sana. Mteja alipoleta jani lililooza waziwazi, Daktari alimwambia arudi kesho, na hakujua kesho atamwambia nini.

Mwishowe akapiga moyo konde akaenda kwa mzee. Alipofika uani hakuuona mwaridi. Aliona fimbo zenye miiba, na chini yake majivu. Mzee alikuwa kwenye kigoda, ameshika jani moja mkononi.

"Nimefuata ulivyosema, mwanangu, sikuacha hata moja. Lakini ugonjwa huu ni balaa. Tazama, hata ukuta umeambukizwa."

Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa juzijuzi, mweupe pe.

Daktari aliutazama ukuta, akamtazama mzee, ambaye macho yake yalikuwa yakifuata kitu hewani. Daktari alidhani siku akijua macho yake mwenyewe ni mazima atafurahi. Hakufurahi. Aliona aibu, maana ni maneno yake yaliyouvua majani ule mti.

"Baba," akasema taratibu, "madoa hayako kwenye mti. Wala ukutani. Kesho nakupeleka kwa daktari wa macho."

Mzee aliligeuza lile jani mkononi. Kwa mara ya kwanza hakutaja sindano wala uzi.

"Kwa hiyo haukuwa unaumwa?"

"Haukuwa. Utachipua tena."

"Hata hili?" Akamnyooshea lile jani.

"Hilo zima, baba."

Mzee akainuka, akaanza kupapasa tawi, akitafuta mahali alipolinyofoa.