Kidonge Kimoja, Bidii, Ova

Mong'ina alikuwa mbishi tangu Migori, kabla hajavuka ziwa. Sokoni pale askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, walipomfukuza na ndizi zake wakisema ni amri, aliwauliza ni amri ya nani na inasemaje, akasimama papo hapo mpaka wakaona afadhali wakamfukuze mwingine. Alipohamia kisiwa cha Mfangano na mumewe Omanga, fundi cherehani, Wakisii wawili Wasabato katikati ya Waluo na Wasuba, mdomo wake haukubaki ng'ambo. "Mimi si mkorofi," alikuwa akisema. "Nataka tu kujua."

Basi mtu anayetaka kujua akinyimwa jibu hufanya nini? Hujijibu mwenyewe, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Omanga alishikwa na kichwa kisichotulia, mkewe akampeleka dispensari. Sista Awino alimpima presha, akatikisa kichwa, akaingia chumba cha redio. Daktari hakuwapo kisiwani. Alikuwa ng'ambo, upande wa Homa Bay, na dawa kubwa kubwa zilitolewa kwa maneno yake kupitia redio ile. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachilia unasikiliza. Mong'ina, akiwa dirishani, alisikia sauti ya daktari katikati ya mikwaruzo: "Kidonge kimoja BD. Ova."

Sista akatoka na vidonge kwenye bahasha ndogo. "Ni kimoja BD, mama."

"Hiyo ni kusema nini?"

"Ni vile daktari amesema. Mwingine aingie."

Nyumbani Mong'ina alimfafanulia mumewe. Kidonge kimoja. Bidii, yaani mgonjwa naye ajikaze, asijilegeze kitandani. Ova, yaani imekwisha, hakuna zaidi. Omanga akameza kimoja, akajikaza kweli, na kichwa kikatulia. Vilivyobaki Mong'ina alivifungia kwenye mkebe wa majani ya chai, akiba ya siku ugonjwa ukirudi. Alijiona ameuguza vizuri.

Majuma machache baadaye Omanga alianguka kando ya cherehani akishona sare za shule. Ulimi ukawa mzito, mdomo ukaenda upande, mkono wa kushoto haukuinuka. Ziwa lilikuwa limechafuka na hakuna mwenye injini aliyekubali kuvuka. Majirani wakambeba hadi dispensari.

"Dawa alikuwa anameza?" Sista Awino aliuliza akifunga kipimo mkononi mwa mgonjwa.

"Alimeza ile moja."

"Moja?"

"Kidonge kimoja, bidii, ova. Si ndivyo mlisema?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, wengine wakamfuata. Sista hakucheka. Alikuwa amechoka, tena ameogopa. "Mama, utamuua bwana yako. BD ni mara mbili kwa siku. Na ova ni maneno ya redio, ni kusema mimi nimemaliza kuongea, sasa sema wewe."

Mong'ina aliona haya. Alimtazama Omanga, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo, akaogopa. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko haya na hofu zikiwekwa pamoja.

"Sikukataa dawa," alisema. "Nilifuata neno kwa neno. Nilikuuliza maana yake, ukaita mwingine."

"Wacha nimuite daktari."

"Muite. Lakini nitaongea mimi."

"Wagonjwa hawashiki redio. Ni sheria."

"Imeandikwa wapi?"

Sista, Mong'ina akiwa nyuma yake chumbani mwa redio, alitoa vipimo hewani, akaeleza habari za mdomo na mkono, akasema ova. Kabla hajakaa sawa, Mong'ina alikuwa ameshachukua kile chombo cha kusemea na kubonyeza kitufe.

"Daktari, mimi ni mke wa mgonjwa. Naitwa Mong'ina. Niambie dawa yake kwa Kiswahili, si kwa herufi. Anameza ngapi, saa gani, amekula ama hajakula, na mpaka lini."

"Achilia kitufe," Sista alinong'ona. "Daktari anataka kuongea."

Mong'ina akang'amua kitu. Kidole chake kikiwa pale, hakuna mtu Homa Bay nzima aliyeweza kumkata kauli. Hakuachilia.

"Na usiseme ova kabla mimi sijasema nimeelewa. Haya. Ova."

Redio ilikwaruza kidogo. Kisha daktari akaanza, safari hii polepole. Ziwa likitulia, mgonjwa aletwe ng'ambo bila kukawia. Akirudi nyumbani, kidonge kimoja asubuhi akiamka, kimoja jioni jua likizama, awe amekula au hajala. Ameze hata siku ambayo kichwa hakiumi, kwa sababu presha hupanda kimyakimya. Akamaliza hapo.

"Mpaka lini?" Mong'ina alibonyeza tena. "Hilo umeliruka."

"Maisha yake yote, mama."

"Kwa hivyo hii dawa ndiyo haina ova."

"Haina."

Neno ova halikuja. Sista akamtazama Mong'ina, na Mong'ina akaelewa kwamba mtu mzima ng'ambo ya maji alikuwa akimngoja yeye.

"Nimeelewa," akasema. "Sasa unaweza kusema hiyo ova."

Kesho yake ziwa lilitulia, wakavuka. Omanga alipona, ingawa mdomo ulibaki umeenda upande, mkono wa kushoto ukabaki mzito na mishono yake ikawa inapinda kidogo. Kisiwani wakambandika mkewe jina la Min Ova, Mama Ova kwa Kijaluo, na waliolianzisha walitaka kumcheka. Yeye aliliitikia kwa sauti. Foleni ya dispensari ilianza kwenda polepole, maana sasa kila mtu dirishani aliuliza BD ni nini, na Sista Awino akawa anajibu.

Jioni moja Omanga alisukuma mkebe kando. "Leo sina kichwa, mke wangu. Nimepona. Tuache hii kitu."

Mong'ina alimwekea kidonge kiganjani, akasimama mbele yake na kikombe cha maji. "Meza."

"Kwa bidii?" aliuliza Omanga, akitabasamu kwa upande ule wa mdomo uliobaki mzima.

"Kwa bidii."