Kibodi ya Gumba Moja

Mteja mmoja wa duka letu la vifaa vya kompyuta hapa Ballarat, Australia, ana mikono ya fundi bomba, minene, yenye makovu, na sauti ya chini. Juzi alirudi tena kuchagua kibodi ndogo ya mkononi, isiyo na waya, ya kompyuta aliyoiunganisha na televisheni ya sebuleni. Kila moja aliipima uzito kiganjani, kisha akaibonyeza taratibu kwa kidole gumba kimoja. "Tumia mikono miwili, mzee, ni rahisi zaidi," nikamwambia. "Mimi ninayo, mwanangu. Mke wangu kapooza, kabakiwa na gumba moja tu linalosogea. Hata kusema hawezi tena." Nikamuunganishia iliyo nyepesi kuliko zote kwenye televisheni ya dukani. Akaandika herufi mojamoja: naumwa. "Hii ataiweza," akasema, akalifuta neno lile upesi.